Mwenye Ufunguo wa Ghala la Silaha

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo, maana ninyi mnaobaki kazini mmezoea kuniona na shada la funguo kiunoni, na Rehema, binti wa Mwanza aliyenirithi, aliwahi kuniambia, "Mzee Samweli, wewe hata hutishiki." Loh! Ungejua, mwanangu. Miaka kumi na moja nimekaa katika ghala letu la Hayes, magharibi mwa London, na sikumbuki hata wiki moja niliyoimaliza bila tumbo kunikata. Rehema ndiye aliyenibana niandike haya, na alikuwa na swali lake moja: shada lina funguo tano, milango ni minne, huu wa tano ni wa nini? Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu mdomoni jibu lisingetoka. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Hizo mtazikuta kwenye mikataba yenu.

Nilifika pale mwishoni mwa miaka ya tisini, nimetumwa na kampuni ya usafi, nikiwa na ndoo, kitambaa na karatasi yenye anwani. Nilishuka basi la 207 nikitokea Southall, nikatembea kati ya maghala yanayofanana yote, ndege zikipita juu ya mabati hadi unainamisha kichwa bila kutaka. Hakuna aliyekuwa ameniambia ndani kuna nini. Nilikuta mlango wa chuma, na nyuma yake mlango mwingine wa chuma, na nyuma ya huo mzee mmoja wa Kisikh, kilemba cheusi, koti la kijivu la stoo, miwani imefungwa kwa kamba. Akavuta droo moja anionyeshe mahali nisipopaswa kupitisha kitambaa. Ndani vilikuwa vigumba vya mishale, vya chuma, vimelala safu kwa safu juu ya sponji nyeupe.

"Yesu wangu," nikasema. Nilidhani nimesema moyoni.

"Wewe unatoka wapi, bwana?" mzee akauliza, kwa Kiswahili.

Nusura ndoo inidondoke. Kumbe mzee huyu, Gurdial jina lake, alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli, na ujana wake wote aliongea Kiswahili cha karakana. Nikamuuliza hapa ni mahali gani.

"Hapa ni ghala ya silaha," akasema, kama mtu anayekutajia kituo cha basi. "Silaha ya Waebrania wa zamani, mali ya makumbusho. Sasa kwa nini unarudi mlangoni?"

Nilikuwa narudi mlangoni kweli. Inabidi niwaeleze sababu, la sivyo hamtaelewa chochote kinachofuata.

Kwetu Uvira nilikuwa mtunza ghala la pamba na chumvi. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Lubunga, ndiye aliyenifundisha kuhesabu magunia kwa kupapasa na si kwa kuangalia tu. Vita vilipokuja, wanajeshi walileta makasha yao ya silaha wakayajaza ghalani kwetu, wakatuambia tufunge na tukae kimya. Ufunguo ulikuwa mmoja. Asubuhi waliyoingia wale wa upande wa pili, walitupanga uani, watu saba, wakauliza, "Nani ana ufunguo?" Ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nausikia kwenye paja. Nikanyamaza. Mzee Lubunga akatoka kwenye mstari akasema, "Mimi." Wakampeleka nyuma ya jengo. Kufuli walilivunja wenyewe kwa risasi, nami nikakimbia katikati ya kelele hizo, na sikusimama hadi Kigoma. Nilipofika London, afisa wa uhamiaji aliniuliza kama nimewahi kutunza silaha. Nikasema hapana, ni pamba na chumvi tu. Nikapewa karatasi za kukaa nchini miaka minne, na tangu siku ile kila bahasha ya kahawia ikianguka mlangoni nilijua wamegundua.

Sasa mtu wa namna hiyo, kati ya kazi zote za mji huu, anatumwa kufagia ghala la silaha! Gurdial hakujua lolote la hayo. Alivaa glovu, akachukua kigumba kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu. "Kuja, usiogope. Hii kitu ilikufa kabla ya babu ya babu yako. Imelala miaka elfu mbili na mia saba. Sasa kazi yake ni kuoza, na kazi yetu ni kuikataza."

Nikabaki. Baada ya miezi michache ndoo akapewa mwingine, mimi nikawa msaidizi wake. Alinifundisha kila ambacho mimi nimewafundisha ninyi: brashi ya manyoya ya mbuzi na si ya nailoni, vifuko vya punje za kunyonya unyevu, unavibadilisha vikigeuka rangi na si ukijisikia, kipimaunyevu unakisoma asubuhi kabla hujavua koti, maana ukishakunywa chai hutakisoma. Shaba ikianza kutoa unga wa kijani mpauko, hiyo ni homa. Usisugue, usipake mafuta, usilaumu mtu. Tenga, andika, mwite mtaalamu. Na mgeni yeyote akitoka, hesabu. Hata kama mgeni ni mfalme.

Mtaalamu wetu alikuwa Bibi Pell, mwanamke mwembamba aliyekuja kila Jumatano na sandwichi yake ya tango. Yeye ndiye aliyenieleza vitu vile vilitoka wapi. Mji mmoja wa Yuda wenye ukuta, na kando ya lango chumba kirefu. Humo wachimbaji walikuta mishale imeshikana kwa kutu, bado ina umbo la mfuko uliooza. Magamba ya dirii. Ncha za mikuki. Na kwenye kona mawe ya kombeo yamerundikwa, ya mviringo, kila moja kama chungwa dogo. Sisi tulikuwa nayo sitini na matatu. Juu ya kila kitu, majivu. Ngao hazikubaki hata moja, kwa sababu zilikuwa za mbao na ngozi, na moto hauna huruma na ngozi iliyopakwa mafuta.

Mimi ni shemasi kanisani, kwa hiyo habari za wafalme wale nilikuwa nazijua, na wakati wa chai nilimsimulia Gurdial. Aliyempenda kuliko wote ni Rehoboamu. Mfalme wa Misri alimnyang'anya ngao za dhahabu za baba yake, naye akatengeneza za shaba, akawakabidhi walinzi wa mlango. Kila mfalme alipokwenda hekaluni, walinzi walizibeba; akirudi, wanazirudisha chumbani mwao.

"Hao ndio watu wa stoo," Gurdial alisema akipiga goti kwa kiganja. "Kutoa, kurudisha. Kutoa, kurudisha. Mfalme hana akili, lakini walinzi safi kabisa."

Hezekia alimuudhi. Nilimwambia jinsi alivyopokea wajumbe kutoka Babeli, akawatembeza hazina yote na nyumba nzima ya silaha, asibakize kitu, na nabii akamwambia hayo yote yatabebwa kwenda Babeli.

"Mfalme mzima? Kwa nini alifanya hivyo?"

"Alikuwa ametoka kuugua. Walimletea zawadi. Alifurahi."

"Furaha," Gurdial akasema, "inaharibu stoo kuliko panya."

Nilicheka. Na hadithi hiyo nilikuwa nimeihubiri mara mbili, tena kwa sauti kubwa.

Ikafika mwaka ambao karatasi zangu zilikuwa zinakwisha na nimeomba za kudumu. Mwaka huohuo makumbusho ikatangaza Jumamosi moja ya familia: kila mfanyakazi alete watu wawili, waangalie kwa nje ya kioo, droo zisifunguliwe. Kanisani kwetu, pale kwenye ukumbi wa shule, habari ilishaenea. "Papa Samweli, ni kweli unachunga silaha za wafalme wa Yuda?" Na mnajua kwetu mambo yalivyo. Mgeni akifika nyumbani unamwonyesha nyumba yote, hadi jiko, hadi kuku wanapolala; ukimwachia sebuleni umemdharau. Ningewachagua wawili gani? Nilileta tisa. Gurdial alikuwa upande wa pili na kundi lake, ufunguo wa droo akaniachia mimi.

Jamani, nilifurahi. Mimi, niliyeingia nchi hii kama mzigo, leo nina mlango wa kufungua. Mchungaji akaomba. Wakaimba kwa sauti ya chini, wakigawana sauti nne, na mabati yakaitikia. Nikasema, ah, kioo cha nini kati ya ndugu? Nikavuta droo ya mawe.

Mama Zawadi alikuja karibu kuliko wengine. Alikuwa mjane wa Bukavu, msafishaji uwanja wa ndege, na Alhamisi iliyofuata alikuwa anasimama mbele ya jaji aamuliwe kama yeye na binti yake watarudishwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Daudi alipiga na jiwe kama hili?"

"Namna hiihii," nikamjibu, nimejaa kama mtungi.

Jumatatu nikahesabu, kama nilivyofundishwa. Sitini na mawili. Kwenye sponji kulikuwa na kitundu kitupu, chini yake kibandiko cha namba arobaini na moja. Nikahesabu tena. Nikakaa juu ya toroli. Mtu mwenye maombi yake kwa uhamiaji, kitu kimepotea mikononi mwake, polisi wanaitwa, wanafungua faili lake, wanaanza kusoma tangu mwanzo. Niliona yote hayo kwenye kile kitundu.

Gurdial akatokea na rejista. "Ziko sawa?"

"Ziko sawa," nikasema.

Hakuangalia. Alitia sahihi kwa neno langu, akaenda kuchemsha maji.

Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Zawadi, si mbali na stesheni. Sikuwa na haja ya kubahatisha. Alifungua mlango, akaniona, akaweka mkono juu ya mkoba wake.

"Mama, lirudishe. Watanifukuza. Watanirudisha Kongo."

"Na miye?" akasema. "Miye na mutoto wangu hawatatukokota? Papa Samweli, weye uko na barua ya kukaa. Miye sina kitu. Alhamisi nasimama mbele ya Goliati. Acha nisimame na kitu mukononi. Nikitoka, nakurudishia."

Nilibembeleza, nikakemea, nikatishia kwa jina la Mungu, na mwisho nikalia. Naye akalia. Jiwe likabaki mkobani.

Jumatano Bibi Pell alikuja kuyapiga picha. Dakika kumi tu, akatoka nje uso umempauka. Hakupiga kelele, angepiga ningepumua. Alisema mkuu wa usalama wa makumbusho atakuja Ijumaa saa nne, sote tuwepo. Gurdial aliangalia rejista, akaangalia sahihi yake, akanitazama mimi. Ilikuwa imebaki miezi michache astaafu. Nilijifanya nasoma kipimaunyevu.

Usiku ule likanijia wazo jingine. Kwenye mahakama zile mikoba inapitishwa kwenye mashine mlangoni. Nilikuwa nimepita hapo mwenyewe. Jiwe la karibu nusu kilo, ni kama silaha! Wangelichukua, lingepotea kabisa, naye angeingia kwa jaji akiwa tayari ameshikwa. Asubuhi niliomba ruhusa, nikawahi mlangoni kabla yake. Alikuja akiwa amevaa koti la kuazima na kitenge chake kizuri kwa ndani. Nikamvuta kando, nikamwambia habari ya mashine. Akaitazama bustani ya pembeni.

"Basi nitalifukia hapo, kwenye maua."

"Mama, nisikilize. Daudi hakuchukua jiwe ghalani, aliokota kijitoni. Haya hayakurushwa hata moja. Yalikutwa yamerundikwa ukutani vilevile yalivyowekwa, majivu juu yake. Wenyewe waliangamia ghala limejaa."

Akalitoa. Alikuwa amelifunga kwa leso na kuishona pembe zote nne. Akakaa nalo kifuani kidogo, halafu akaniwekea mkononi.

"Sasa niingie na nini?"

"Ingia na yale uliyoyaona kwa macho yako. Yaseme yote."

"Weye uliyasema yote?"

Kulikuwa na askari wawili hatua sita kutoka tuliposimama. "Hapana," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia binadamu yeyote.

Aliingia. Nilisimama kwenye lami saa tatu nzima, jiwe mfuko wa kulia, na mfuko wa kushoto kitu kingine nilichotembea nacho tangu Uvira. Kila askari aliyegeuza shingo nilimwona ananijia. Alipotoka, alisema jibu litakuja kwa barua, na kwamba ameongea hadi mkalimani akaomba maji.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikulala, kwa sababu nilikuwa nimepata njia ya kutokea, na ilikuwa nzuri mno. Ningeingia mapema, ningeliviringisha jiwe chini ya rafu, halafu ningeinama na kupiga kelele, jamani hili hapa! Nililiweka kwenye kopo la chakula, chini ya wali. Nilifika saa mbili kasoro. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mkuu wa usalama ameketi ndani tangu saa moja.

Saa nne tukasimama mbele yake, watu sita, kati ya rafu. Alikuwa na karatasi na kalamu, mtu mpole kabisa, tai ya buluu. Akauliza, "Jumamosi, nani alikuwa na ufunguo wa droo?"

Ndege ilipita. Nilikuwa nimeshika kopo kwa mikono miwili. Niliusikia ule ufunguo wa Uvira kwenye paja, kama asubuhi ile. Kisha nikaona kwa pembe ya jicho kilemba cheusi kinatoka kwenye mstari. Gurdial alikuwa anasogea mbele, hatua moja, anakohoa kusafisha koo, kidole kikielekea kwenye sahihi yake.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, maana mmoja wetu alishtuka. Nikafungua kopo mbele yao, nikachimba wali kwa vidole, nikaliweka jiwe mezani. Bibi Pell alifumba macho. Nikasema nilileta watu tisa badala ya wawili, nilifungua droo iliyokatazwa, nilimdanganya Gurdial hesabu na sahihi ile ni ya uongo wangu. Mkuu akauliza ni nani alilichukua. Nikamwambia hayo matatu ni yangu na nimeyasema. Hilo la nne si langu. Aliandika muda mrefu.

Nikasimamishwa kazi wiki tatu. Gurdial alinifuata hadi kituo cha basi, tukaketi.

"Wewe uliniambia ziko sawa."

"Nilikudanganya, mzee."

"Mimi najua ulinidanganya. Nauliza kwa nini."

Nikamweleza. Mabasi matatu ya 207 yalipita, nikamweleza yote, uani, watu saba, Mzee Lubunga, afisa wa uhamiaji. Nikautoa ufunguo mfukoni nikamwonyesha. Aliushika juu ya kiganja kama alivyonishikisha kigumba siku ya kwanza, akaukwaruza kutu kwa ukucha.

"Hii haikai mfukoni," akasema. "Mfukoni inakula mtu. Ufunguo inakaa na wenzake."

Aliondoka nao. Wiki hizo tatu nilimtafuta wakili, nikaandika upya maelezo yangu, makasha na yote, nikayapeleka nikijua huenda nimejichimbia kaburi. Nililia nikiyatuma. Makumbusho ilinipa barua ya onyo na kunirudisha. Jibu la Mama Zawadi lilitangulia langu: wabaki, yeye na binti yake. Langu lilichukua mwaka na zaidi, na nilipoiona bahasha ya kahawia nilimwita jirani aifungue, mimi nikasimama bafuni. Nami nilibaki. Kuogopa bahasha sikuacha, hadi leo hata za bili.

Asubuhi niliyorudi kazini, Gurdial alinirushia shada. Nne nilizijua. Wa tano alikuwa ameusafisha na kuupaka mafuta.

Basi, Rehema, ndio huo. Hakuna mlango Hayes unaofunguliwa nao, usihangaike kujaribu. Ukitaka uvue, lakini naomba uuache. Siku moja atakuja mtu na karatasi na kalamu, au na kibaya zaidi ya hivyo, aulize nani ana ufunguo, na tumbo litakukata kama lilivyonikata mimi. Uguse tu kwa kidole gumba. Mlango wake ulifumuliwa kwa risasi Uvira, asubuhi moja, na mtu aliyesema anao hakuwa nao.